Mlima Elgon kwa Njia ya Ndalu

Ndalu haimo katika orodha ya miji ambayo sisi watu wa pwani huitaja tunapozungumzia matembezi. Ni kata ya wakulima katika eneo la Tongaren, kaskazini mwa Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Trans Nzoia, na mji mkubwa ulio jirani nayo ni Kitale. Zamani ardhi ya huku ilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru iligawanywa, wakapewa wananchi, na leo anayetupa macho huku na huku huona mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa na nyumba za mabati zilizozungukwa na mikaratusi. Upande wa kaskazini mashariki wasimama mlolongo wa milima ya Cherangani. Upande wa kaskazini magharibi umetanda Mlima Elgon.

Twasema umetanda kwa sababu mlima huu haukusimama wima kama Kilimanjaro au Mlima Kenya. Ni volkeno kongwe iliyozimika zamani sana, na kitako chake kina upana wa takriban kilomita 80. Kwa hivyo, mtazamaji aliye mbali hudhani ni kilima kirefu kisicho na ugumu wowote. Mgeni haoni kilele. Huona mgongo wa buluu unaojikunja taratibu hadi mawinguni. Lakini kilele cha Koitobos, upande wa Kenya, kina mita 4,222 kutoka usawa wa bahari, na kile cha Wagagai, upande wa Uganda, kina mita 4,321. Upole wa sura ya Elgon ndio unaowasahaulisha watu urefu wake.

Tulikuwa watu tisa kutoka Mombasa: wanawake watano na wanaume wanne, na miongoni mwa wanaume hao walikuwapo mume, ndugu wawili wa kiume na mtoto mmoja wa kiume aliyekwisha kubaleghe. Tunalitaja hili mapema kwa kuwa ndilo swali la kwanza tuliloulizwa na mama zetu na mashangazi, nalo ni swali la haki. Rafiki yetu tuliyesoma naye chuoni, binti wa Kibukusu aliyezaliwa Ndalu, alikuwa ametualika kwao kwa miaka mingi. Hatimaye Januari moja, wakati wa kiangazi cha nyanda za juu, tukaitikia mwaliko. Tulipanda garimoshi hadi Nairobi, kisha basi hadi Kitale, safari ya zaidi ya kilomita 850 kutoka ufukweni.

Ingefaa tukumbuke kwamba watu wa pwani hawakuanza jana kuufikia mlima huu. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilikwisha zoea njia ya kuelekea Mumias, kwenye makao ya Nabongo wa Wawanga, na dini ya Kiislamu ilijenga makazi pale kupitia misafara hiyo. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson, anayetajwa vitabuni kuwa aliyapeleka mapango ya Elgon kwenye masikio ya Ulaya, alifika huku akiwa na wapagazi wa pwani. Sehemu kubwa ya safari yake aliandamana na mfanyabiashara Mswahili wa Pangani, Jumbe Kimemeta, aliyeijua bara kuliko yeye. Mwaka 1890 Frederick Jackson na Ernest Gedge waliupanda mlima wenyewe na msafara ulioanzia Mombasa. Majina ya Wazungu hao yamehifadhiwa, lakini majina ya wapagazi wengi, waliobeba mizigo kichwani na kulala katika baridi ileile, hayakuandikwa popote. Wala hatusemi kwamba historia ya misafara ni nyeupe yote, maana katika njia hizo walipita pia watumwa waliofungwa minyororo. Twasema tu kwamba nyayo za wenzetu zimo katika udongo ule, na hakuna sababu ya mtu wa pwani kujiona mgeni kabisa anapofika.

Wala wenyeji hawakutufanya wageni. Mama wa rafiki yetu alitupokea mlangoni kwa salamu ya Kibukusu, "Mulembe," naye tukamwamkia "Shikamoo" kama tunavyowaamkia mama zetu. Jioni ile alikuwa ametenga kuku watatu, wakiwa hai, miguu imefungwa kamba. Hakuwagusa. Alimwita mkubwa wa wanaume wetu, akampa kisu kilichonolewa siku hiyo, akasema, "Chinjeni wenyewe, ili mle kwa raha." Si Mwislamu, wala hakuna aliyemfundisha. Alisema tu kwamba tangu utotoni mwake, wageni Waislamu wakija, kuku humngojea mgeni. Tulikula kuku yule kwa ugali wa mahindi ya shamba lake na mboga ya mgagani uliochanganywa na maziwa. Kisha akatutandikia mkeka safi sebuleni na kuuliza kibla kiko upande gani, apate kuondoa viti.

Swali hilo lilikuwa na jambo ndani yake. Mombasa na Makka zimekaribiana sana kwa longitudo, kwa hivyo tuliozoea kusali Mombasa huelekea kaskazini takriban moja kwa moja. Ndalu na Elgon ziko magharibi zaidi, basi hapo kibla huinama kidogo kuelekea mashariki ya kaskazini. Vivyo hivyo jua: huku huzama takriban dakika 20 baada ya kuzama Mombasa. Anayesafiri na ratiba ya sala iliyotolewa msikitini kwake ataadhini Magharibi ilhali jua bado li juu. Ni mambo madogo, lakini msafiri Mwislamu hupaswa kuyajua kabla ya kufunga mizigo.

Tulikaa Ndalu siku mbili kwa makusudi. Mwili wa mtu wa pwani umezoea hewa nzito ya usawa wa bahari. Ndalu iko juu kiasi cha mita 1,800, na hapo peke yake ngazi za kawaida humfanya mgeni ahemе. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwenye mita 3,500 msukumo wa hewa ni takriban thuluthi mbili ya ule wa ufukweni, na juu ya Koitobos hushuka hadi kama asilimia 60. Kila pumzi huingiza oksijeni kidogo kuliko mwili ulivyozoea. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, lakini hudai muda. Ndiyo sababu wataalamu hushauri kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa usiku mmoja, na baada ya siku chache upumzike siku nzima. Tuliipanga safari yetu kwa kanuni hiyo, polepole kuliko vijana wetu walivyotaka.

Siku ya tatu tulipita Kitale na Endebess hadi lango la Chorlim, ambalo ndilo mlango mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotengwa mwaka 1968. Hapo tulipewa askari mmoja mwenye bunduki, kwa sababu msituni mna nyati na tembo, na tukaajiri kiongozi wa njia, kijana wa Kisabaoti aliyezaliwa chini ya mlima. Sharti lilikuwa wazi: msafara wote hutembea na askari, hakuna anayejitenga. Tulilala usiku mmoja karibu na lango, kisha tukaanza kupanda kwa miguu.

Msitu wa chini wa Elgon ni jumba la miti mikubwa. Mipodo husimama wima kama nguzo, na mbega weusi wenye mabega meupe huruka juu yake kama watu waliovaa majoho. Katika msitu huu yamo mapango yaliyoupa mlima sifa. Lililo mashuhuri zaidi ni Kitum, linaloingia ndani ya mwamba kwa takriban mita 200. Usiku tembo huingia humo gizani, hupapasa njia kwa mikonga, na kuchimba ukuta kwa pembe zao ili kulamba chumvi. Alama za pembe zimejaa kutani kama mikwaruzo ya tezo kwenye ubavu wa jahazi. Sisi tulisimama mdomoni tu. Pango hilo ni makazi ya popo, na wagonjwa wawili walioambukizwa virusi vya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wamelizuru kabla ya kuugua. Mwenye watoto asione haya kutazama kutoka nje. Karibu yake lipo pango la Makingeny, ambalo maji huanguka mbele ya mlango wake kama pazia. Hapo tulitia udhu na kusali Adhuhuri na Alasiri, tukizikusanya na kuzipunguza kama inavyojuzu kwa msafiri.

Mavazi hayakutusumbua kama tulivyohofu. Wanawake tulivaa suruali pana za kitambaa kinachokauka upesi, kanzu za kufika chini ya magoti, na mitandio ya sufu badala ya shifoni, kwa kuwa shifoni haizuii upepo wa mlimani. Mabuibui tuliyaacha Ndalu. Kwa baridi ya asubuhi, waliovaa khuffu walitumia ruhusa ya kupaka maji juu yake, ambayo kwa msafiri hudumu siku tatu na masiku yake kwa masharti yanayofahamika. Wengine tulichemsha maji. Na hapo mlima ulitufundisha somo la jikoni: kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema bila kuwa moto sawasawa. Kwenye mita 3,500 huchemka kwa nyuzi 88 hivi badala ya 100. Mchele ulikaa jikoni hadi gesi ikatutia wasiwasi, na ukatoka na kiini. Maharagwe hatukuyajaribu. Tulishukuru kwamba tulibeba tambi, uji, tende na mahamri ya Mombasa, ambayo yalikuwa yamekauka lakini yakalainika ndani ya chai ya tangawizi.

Juu ya msitu hufuata mianzi, na juu ya mianzi mti hupungua kimo na kuvaa ndevu za kuvu. Katika ukanda wa mianzi tulilala usiku wa pili na wa tatu. Kisha tukatoka kwenye uwanda ulio wazi. Hapo huota mimea ambayo hatukuwahi kuona mfano wake: shina nene lililofunikwa majani makavu, refu kuliko mtu, na kileleni majani mapana yaliyopangwa kama kabichi. Usiku hufunga majani yake ili kiini kisigande, na asubuhi huyafungua. Tulifika mwisho wa barabara ya magari, kwenye mita 3,500 hivi, tukapiga mahema. Koitobos ilionekana wazi mbele yetu, jiwe lenye kichwa bapa kama meza. Mpango ulikuwa kupumzika hapo siku nzima, kisha kupanda kileleni na kurudi siku inayofuata.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Kila jioni tulikuwa na desturi ya kuulizana hali kabla ya kulala. Tulizunguka jiko la gesi, na kila mmoja akaulizwa, "U hali gani?" Na kila mmoja alijibu, "Alhamdulillahi." Mmoja wetu, mama wa watoto watatu, alikuwa ndiye mwenye hamu kuu kuliko sote. Alifanya mazoezi miezi minne, akipanda na kushuka ngazi za nyumba yao kabla ya alfajiri, na ndiye aliyekuwa mbele njia nzima. Usiku ule alijibu kama wengine. Hakula, akasema ameshiba kwa tende. Hakulala, lakini hilo hatukulijua hadi baadaye. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu jana yake mchana, na alikuwa ametapika mara mbili nyuma ya hema akafunika kwa udongo.

Alfajiri alitoka kuchukua maji ya udhu. Mkubwa wa wanawake wetu, muuguzi mstaafu, alikuwa amekaa mlangoni mwa hema akifunga viatu, akamwona akitembea. Alikuwa akiyumba kama aliyeshuka chomboni baada ya siku nyingi baharini. Muuguzi alimsimamisha, akamwomba atembee kwa kuunganisha kisigino na kidole, hatua kumi kwa mstari mnyoofu. Hakuweza hatua tatu. Alicheka, akasema ni baridi tu, ni usingizi tu, atakuwa sawa akinywa chai.

Maradhi ya mwinuko huanza kwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi, na katika hatua hiyo mara nyingi mtu akitulia mahali alipo bila kupanda, hupona. Lakini anapoanza kuyumba, au kusema maneno yasiyoungana, maana yake ni kwamba ubongo umeanza kuvimba. Akishindwa kupumua hata akiwa ameketi, na kukohoa makohozi ya povu, maji yameingia mapafuni. Hali hizi mbili huua, na zaweza kuua kwa muda wa saa chache. Hakuna chai wala dua isiyofuatwa na tendo itakayoziondoa. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, na kushuka sasa hivi, hata kama ni usiku.

Mgonjwa alitusihi. Alisema, "Nyinyi endeleeni, mimi nitawangoja hapa hemani. Nisije nikawa sababu ya kuwakosesha." Kiongozi wa njia alitikisa kichwa, akasema kwamba kungoja hapa ni kuzidi kuugua hapa. Hatukuweza kugawanyika, kwa kuwa askari alikuwa mmoja na nyati walikuwa wameonekana jana yake. Mmoja wa wanaume alitazama Koitobos, ambayo asubuhi ile haikuwa na hata wingu moja, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni saa tatu tu kwenda. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa sote tulikuwa tumeitazama vilevile. Muuguzi hakupandisha sauti. Alisema, "Tunakunja mahema," akaanza kung'oa vigingi vya la kwake.

Tuliteremka tukiwa tumempanga katikati, ndugu yake upande mmoja na mmoja wetu upande wa pili. Hatukumwacha abebe hata chupa ya maji. Askari alipiga simu ya upepo, na gari likaja kutukuta njiani, kwenye ukanda wa mianzi. Kabla hata ya gari kufika, tukiwa tumeshuka mita mia kadhaa, alianza kuweka miguu yake sawasawa na kuuliza tumefika wapi. Kitale alipimwa, akapewa oksijeni, akalazwa usiku mmoja, na kesho yake akatoka akitembea mwenyewe. Alhamdulillahi, na mara hii neno lilikuwa na maana yake kamili.

Alilia garini, lakini si kwa maumivu. Alisema ameona aibu. Tulipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu jambo ambalo tangu siku hiyo tumelizungumza katika nyumba zetu zote: "Nyumbani nisiposema, huitwa subira. Nilidhani na huku ni subira."

Hakuna mwanamke miongoni mwetu aliyelishangaa jibu hilo. Tumelelewa kujikaza. Msichana akiumwa tumbo siku ya harusi ya jamaa hufunga kanga kiunoni na kuendelea kupakua pilau. Mama mwenye homa huamka kuwapikia watoto wa shule. Mke husema "ni kichwa tu" mwaka mzima. Tunasifiwa kwa hilo, na sifa hiyo hutufunza kuficha. Kisha tunaulizwa hali, nasi hujibu kwa neno tukufu kuliko yote, neno la shukrani, tukalifanya pazia. Kumshukuru Mola katika kila hali ni wajibu wetu. Lakini Alhamdulillahi ni shukrani, si cheti cha afya. Mtu aweza kumshukuru Mwenyezi Mungu na papo hapo akamwambia mwenzake kwamba kichwa kinamuuma tangu jana.

Subira tuliyofundishwa ni kuvumilia kisichoepukika bila kumlalamikia Mola. Kuficha kinachoweza kutibiwa ni jambo lingine. Mwili ni amana, na amana hairudishwi kwa mwenyewe ikiwa imeharibiwa kwa kuona haya. Tena katika msafara, maumivu ya mmoja si siri yake peke yake. Kama angeanguka kileleni, tungelazimika kumbeba kwenye mawe, na wanane tungekuwa hatarini kwa sababu ya huruma yake kwetu. Alinyamaza ili asitusumbue, ilhali kusema kwake jana yake kungetugharimu usiku mmoja tu wa kungoja kwenye mianzi.

Inafaa pia ieleweke kwamba hakuugua kwa udhaifu. Maradhi haya hayachagui mnene wala mwembamba, kijana wala mzee, na aliye na nguvu aweza kuugua zaidi kwa kuwa hutembea haraka zaidi. Mpango wetu ulikuwa wa polepole, na bado mmoja wetu aliugua. Ndiyo maana mpango peke yake hautoshi. Pawepo na ulimi wa kusema na sikio la kusikiliza.

Kwa familia zinazowaza safari kama hii, na tunaziombea ziifanye, haya ndiyo tunayopendekeza. Nendeni kiangazi, kati ya Disemba na Februari. Laleni siku mbili Ndalu, Kitale au Kapsakwony kabla ya kupanda. Mwenye mimba, mwenye maradhi ya moyo, ya mapafu au selimundu amwone daktari kwanza; na ulizeni daktari juu ya dawa ya acetazolamide, ambayo huusaidia mwili kuzoea mwinuko, wala msiimeze kwa kuazimana. Bebeni nguo za sufu, koti la mvua, mfuko mzito wa kulalia na tochi ya kichwani. Kabla ya kuanza, wekeaneni ahadi mbele ya wote kwamba akiugua mmoja mtashuka, ili asije mgonjwa akajadiliana nanyi juu ya mlima. Na jioni msiulizane hali kwa neno moja. Ulizeni: kichwa kinauma? Umekula nini? Jana ulilala? Simama, tembea hatua kumi tukuone. Maswali haya hayajibiki kwa Alhamdulillahi pekee.

Tuligundua pia kwamba maswali hayo yanafaa hata penye usawa wa bahari. Mmoja wetu, aliporudi Mombasa, alimwuliza mama yake mzazi vivyo hivyo, swali baada ya swali, badala ya lile la siku zote. Akajua kwamba mguu wa mama ulikuwa umevimba tangu Shaabani. Walikwenda hospitali wiki ileile.

Tulirudi Ndalu alasiri, siku mbili kabla ya ile tuliyotarajiwa. Mama mwenyeji wetu alikuwa uani akianika mahindi. Hakutuuliza kama tumefika kileleni. Alitazama gari likishusha watu mmoja mmoja, midomo yake ikihesabu. Alipomaliza alisema, "Tisa walitoka, tisa wamerudi," akaingia ndani kutafuta kamba ya kumfungia kuku.

Usiku ule mgonjwa wetu alikula sahani mbili, na aliyetamani Koitobos kwa sauti ya chini ndiye aliyemnawisha mikono mzee wa nyumba. Tumekubaliana kurudi Januari ijayo, panapo majaliwa, kwa njia ileile na watu walewale. Huyo mwenzetu amekwisha anza tena kupanda ngazi kabla ya alfajiri. Mumewe atuambia kwamba siku akiamka na kichwa kizito, sasa husema.